Majogoo sita, ua mmoja: "Simba amemrukia mtoto usoni"

Shangazi, assalaam aleikum.

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye kizingiti cha mlango wa uani, fagio mkononi. Fagio hili si la kufagia. Bila hilo siwezi kwenda kuanua nguo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nakaa Mshomoroni na mume wangu na mavyaa. Mwaka jana mamangu aliniletea makoo wawili wa kienyeji kutoka Kaloleni, pamoja na mayai kumi na manane ya kuatamisha. Yakaanguliwa kumi na sita, nikashukuru Mungu. Watatu wakaenda na kunguru, unawajua kunguru wa Mombasa. Wa nne alinyakuliwa, lakini kunguru akamwangusha juu ya mabati. Kijana wangu wa miaka tisa akamwokota akiwa nusu mfu, akamlaza ndani ya boksi karibu na jikoni, akamlisha ugali kwa kidole mpaka akapona. Akamwita Simba. Wakawa wanakwenda pamoja hadi chooni.

Sasa wana miezi saba. Kati ya wale kumi na watatu waliobaki, saba ni tembe na sita wametoka majogoo. Ua wetu si mkubwa, ni huu wa nyumba ya Kiswahili, nimeuzungushia mabati, na ndani mna tangi la maji, kamba ya nguo na banda la mbao.

Shangazi, sina raha. Tangu walipoanza kuwika wamekuwa kama watu wengine. Asubuhi nikifungua banda wanawavamia tembe watatu kwa mmoja, huyu hajashuka yule ashapanda. Tembe mmoja mgongo umebaki ngozi tupu, na juzi niliona damu chini ya bawa. Anashinda nyuma ya tangi, haji kula. Majogoo wenyewe wanapigana mpaka vilemba vinachanika.

Na Simba ndiye mbaya kuliko wote. Alianza na mavyaa. Yeye huamka kabla ya adhana ya alfajiri akatawadha uani, na Simba humngoja. Mavyaa akigeuka tu, anamrukia miguu kwa nyuma. Anasema, "Jogoo huyu yuaniotea!" na miguu yake ina ile mishipa iliyovimba. Mume wangu akamwambia kijana amchape kwa ndara ili ajue mwenye nyumba ni nani. Wakamchapa wiki mbili. Akazidi.

Ijumaa iliyopita binti yangu wa miaka minne alitoka uani na kipande cha mkate. Simba akamruka usoni. Ana mkwaruzo wa inchi moja chini ya jicho la kulia. Nimepaka mafuta ya nazi.

Sasa nyumba imegawanyika. Mavyaa anasema wachinjwe wote sita. Mume wangu anasema jogoo mkali ndiye mlinzi mzuri, tuwatoe wengine tumbakishe Simba. Kijana analia hali chakula, anasema Simba alikuwa anacheza tu. Jirani ameniambia nimlishe pilipili, au nimshike kichwa chini miguu juu mpaka anyenyekee, au nimkate ile miiba ya miguuni. Jirani wa upande wa pili ananuna kwa kelele za saa tisa za usiku. Na kuna kijana mmoja wa mtaani amekuja mara mbili akimtaka Simba, anasema ana damu ya kuchi, na bei aliyonitajia ni mara mbili ya ile ya soko la Kongowea.

Nifanyeje? Na je, nikiwatoa wote, mayai yatakuwepo? Tembe wameanza kutaga juzijuzi tu, na koo mmoja anaatamia mayai tisa, leo ni siku ya kumi na mbili.

Mama wa watatu, Mshomoroni

*

Waaleikum salaam, mwanangu.

Kuku watangoja. Mtoto kwanza.

Mafuta ya nazi hayatoshi. Kucha za jogoo zinashinda kwenye kinyesi na mchanga, na kidonda cha kucha ni chembamba juu lakini huweza kuwa kimeingia ndani. Kioshe kwa sabuni na maji yanayotiririka, kisha mpeleke zahanati pamoja na kitabu chake cha kliniki. Kama alipata chanjo zake zote za utotoni, zile za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kinga ya pepopunda imo ndani yake, lakini muuguzi ndiye wa kusema kama inahitajika nyingine. Jicho likiwa jekundu, likitoa machozi, likivimba, au mtoto akikwepa mwanga, usilale nalo. Daktari wa macho siku hiyo hiyo.

Na mavyaa wako naye nimemwaza sana. Watu hucheka wakisikia mtu mzima anaogopa jogoo. Mimi sicheki. Mwaka 2019 madaktari wa Adelaide, kule Australia, waliandika kisa cha mama mzee aliyekuwa akiokota mayai bandani kwake, jogoo akamdonoa mguuni, mdomo ukatoboa mshipa uliovimba, akavuja damu hadi akafa. Mishipa ile ina damu nyingi chini ya ngozi nyembamba. Kwa hivyo kuanzia kesho alfajiri mavyaa asitoke uani kabla wewe au mumeo hamjahakikisha banda limefungwa. Na ikitokea ametoboka, alale, ainue mguu, na mtu akandamize kidonda kwa kitambaa kwa nguvu bila kuachia, huku mkitafuta usafiri wa hospitali.

Sasa tuje kwa kuku.

Umenieleza mambo mengi, lakini mimi nimeona hesabu. Una majike tisa, yaani makoo wawili na tembe saba, na madume sita. Jogoo mmoja wa kienyeji hutosha majike wanane hadi kumi na wawili. Ua wako ni wa jogoo mmoja. Wale watano hawana kazi, na dume asiye na kazi katika ua mdogo hana jingine la kufanya ila kupigana na kuwaandama tembe. Ungewapa chakula gani, ungewafundisha adabu gani, madume sita kwa majike tisa wangekufanyia haya haya. Ndiyo maana sitaki ujilaumu, wala usimlaumu kijana wako. Kosa halikuwa malezi pekee. Wengi wetu tunafurahia vifaranga kuangua, hakuna anayekaa akajiuliza nusu yao wakitoka madume watakwenda wapi.

Kisha kuna umri. Pora, yaani jogoo kijana, hubaleghe mapema kuliko tembe. Miezi minne au mitano tayari anawika na damu inamchemka, na tembe wa rika lake bado hajawa tayari kupandwa. Anakimbia, pora anamfukuza, anamshika manyoya ya kisogoni na kumkanyaga mgongo kwa kucha. Ndiyo sababu migongo imebaki uchi. Ungekuwa na jogoo mzima uani, mapora hawa wangetandikwa kila wakijitia ujeuri na wangejifunza kungoja. Lakini wako walitoka kwenye mayai ya kuletewa. Hawakukuta mkubwa. Wamejilea wenyewe, kama vijana sita walioachiwa nyumba.

Simba ana la ziada, na hili namwandikia hasa kijana wako, umsomee. Kifaranga anayekua na mama yake hujifunza kwamba binadamu ni kiumbe kikubwa cha aina nyingine, wa kukaa naye mbali kidogo. Simba alikua ndani ya boksi jikoni, akala kidoleni. Akilini mwake nyinyi ni kuku wenzake. Alipokuwa mdogo hilo lilikuwa tamu. Alipobaleghe, kuku mwenzako wa kiume ni mpinzani, na mpinzani hupigwa. Kijana anasema alikuwa anacheza. Hakuwa anacheza, lakini pia hakuwa na chuki. Alikuwa anamfanyia mtoto kile jogoo anachomfanyia jogoo mwingine. Upendo wa kijana haukuwa mbaya, na ulimwokoa kifaranga ambaye angekufa juu ya mabati. Ila ulimlea jogoo asiyejua mpaka kati yake na watu.

Ile ndara ndiyo ilimaliza. Ukimpiga jogoo teke au kofi, kwake yeye umekubali pambano. Akirudi nyuma amejua kesho aje kwa nguvu zaidi, na wewe ukirudi nyuma amejua ameshinda. Wiki mbili za ndara zilikuwa wiki mbili za mazoezi. Mwambie mumeo kwa upole, maana alitaka kulinda nyumba yake, lakini iwe mwisho.

Kuna mengine madogo ambayo huenda huyaoni. Leso inayopeperuka kwa upepo wa kusi, buibui, ncha ya kanga iliyofungwa kiunoni, kwa jogoo huonekana kama bawa la mpinzani lililotandazwa. Kumkamata tembe mbele yake akapiga kelele ni kumwita vitani. Kupita katikati ya kundi lake kwa haraka, vilevile. Na mtoto wa miaka minne uso wake uko karibu na kimo cha ruko la jogoo, kisha ana mkate mkononi.

Usiku wa leo, wakishatulia ndani ya banda, ingia na mumeo na tochi hafifu. Kuku gizani ni mpole, unamchukua kama unavyochukua mtungi. Mkono mmoja juu ya mabawa, mwingine chini ya kifua, kwapani, hakuna fujo. Watoeni majogoo wote sita. Pigeni kizuizi cha mbao au mabati kwenye kona iliyo mbali na banda la tembe, kiwe na kivuli, maji, na vyombo viwili au vitatu vya chakula ili mmoja asiwazuie wengine. Muhimu kuliko yote, wasiwaone tembe. Mapora wakikaa peke yao bila majike machoni, ugomvi hupungua sana, kwa sababu hakuna cha kugombewa. Watavutana siku mbili tatu, kisha watapanga nani mkubwa, watulie. Simba mweke peke yake, ndani ya tenga kubwa au kizimba, mahali ambapo mtoto hafiki.

Chakula chao kiwe cha kuku wanaokua, si kile cha kutaga. Cha kutaga kina chokaa nyingi kwa ajili ya ganda la yai, na kwa dume asiyetaga inaumiza figo zikikaa nayo muda mrefu.

Utaona mabadiliko kwa tembe ndani ya wiki. Yule wa nyuma ya tangi mtoe, mweke peke yake kivulini, msafishe kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, kisha pitia duka la dawa za mifugo ununue ile dawa ya zambarau ya kupulizia. Inaua vijidudu, na rangi yake inaficha damu, maana kuku wakiona wekundu hudonoa hapo hapo, hata tembe wenzake. Angalia nzi wasitage kwenye kidonda, kwa joto letu hili funza huingia kwa siku moja. Manyoya yaliyokatika hayarudi upesi, hungoja kuku anyonyoke na kuota upya, kwa hivyo usikate tamaa ukimwona uchi kwa miezi.

Sasa nani abaki? Mumeo ana hoja moja ya kweli, na nisingependa uipuuze. Kwa kunguru hawa wa Mombasa, jogoo ni faida. Jogoo mzuri hutazama juu kwa jicho moja, akiona kivuli hutoa mlio mrefu na kila jike hukimbilia chini ya kitu. Lakini kumruka bibi anayetawadha si ulinzi. Anayemshambulia mwenye kumlisha huwa hana muda wa kutazama mbinguni. Nimeona majogoo wapole kabisa wakisimama mbele ya mwewe.

Kwa hivyo wachunguze wale watano wengine. Baada ya wiki moja kizuizini, mwachie mmoja mmoja kwa tembe, siku tatu kila mmoja, nawe ukae na kikombe chako cha chai utazame. Akipata mdudu au punje nzuri, je, anaita kwa ule mlio wa "tuk tuk tuk", anaiokota na kuiangusha, kisha anamwachia jike ale? Huyo anafaa. Anapomtaka jike, je, anashusha bawa moja na kumzunguka kwanza, na jike akikataa anaondoka? Au anakimbia tu na kumkamata kisogo? Ukipita na ndoo, anakupisha njia au anakusimamia? Usimchague kwa ukubwa wala kwa rangi ya mkia. Mara nyingi anayefaa ni yule wa tatu au wa nne ambaye hukumtilia maanani.

Na hapa ndipo wengi wanapokosea. Jogoo mnyonge chini ya mabwana watano si lazima awe mpole. Huenda alikuwa hana nafasi tu. Akibaki peke yake na majike tisa, anaweza kugeuka ndani ya mwezi. Kwa hivyo usiuze wala kuchinja wote kwa siku moja. Mwache mmoja wa akiba kwenye kizuizi kwa wiki sita, mpaka umwamini uliyemchagua. Wale watatu wengine wako umri mzuri wa kuliwa, nyama bado laini. Pora wa miezi saba hahitaji kuchemshwa nusu siku kama jogoo mzee. Ukiwatilia tui zito na kuwachoma kidogo kwanza, kuku wa kupaka wa nyumba nzima huyo. Au wauze, na ukiwapeleka Kongowea wapeleke alfajiri ndani ya tenga, si kufungwa miguu na kuning'inizwa kwenye pikipiki juani.

Huyo uliyemchagua mfunze mipaka, na kazi hiyo ni ya watu wazima peke yao. Jogoo anayetaka vita hutoa ishara kwanza. Huinamisha kichwa, manyoya ya shingo husimama, huja upandeupande, au hujifanya anadonoa chini huku jicho liko kwako. Ukiona hivyo usikimbie na usimpige. Simama. Weka sinia au ungo mbele ya magoti yako, mtazame, na umwendee hatua moja moja taratibu mpaka ageuke aende zake. Akigeuka, umemaliza, usimfuate. Usimlishe mkononi, mwagia chini. Usimbebe kumpapasa kama paka. Pita pale unapotaka kupita, yeye ndiye azunguke. Fanya hivyo kila siku kwa wiki chache na pora mwenye tabia ya kawaida huelewa.

Najua unataka kuuliza kwa nini nisifanye hayo kwa Simba. Angekuwa anamsumbua mumeo peke yake, ningekwambia jaribu. Lakini kuna mtoto wa miaka minne na kuna bibi mwenye mishipa, wote hutumia ua huo huo, na Simba ameshajifunza kwamba hao wawili hukimbia. Hata ukimtuliza wewe, kwao hatatulia. Jogoo aliyeruka uso wa mtoto mara moja haachwi apate ya pili. Jicho la mtoto halina akiba. Mwanangu, Simba asibaki.

Wala usimpe yule kijana wa mtaani. Anaposema damu ya kuchi anajua anachokitaka. Kuchi ndio wale kuku warefu wa pwani, shingo ndefu, miguu minene, ambao tangu zamani wamefugwa kwa kupiganishwa. Bei maradufu kwa jogoo mkali haitolewi na mtu anayetaka supu. Kupiganisha wanyama ni kosa kwa sheria za Kenya, ile Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, sura ya 360, na ni haramu kwa dini yetu. Simba aliokolewa kutoka kwa kunguru. Haifai amalizie maisha yake akichanwa uwanjani watu wakipiga kelele za pesa. Na kumpeleka kwa mtu mwingine ambaye hajui tabia yake ni kumficha mnunuzi aibu ya bidhaa. Mtume, rehema na amani zimshukie, alisema mwenye kutughushi si katika sisi. Kule Kaloleni nako, kama kwa mamako kuna wajukuu wanacheza uani, utakuwa umehamisha kidonda tu.

Achinjwe nyumbani, kwa kisu kikali, kwa bismillahi, na mtu anayejua kuchinja, mbali na kuku wenzake.

Haya, kijana. Hili ndilo gumu kuliko yote uliyoniuliza, ingawa hukuliuliza moja kwa moja. Usimdanganye kwamba Simba amekwenda shamba. Atajua. Watoto wa majirani watamwambia, na atakayempoteza hapo si jogoo tu, ni imani yake kwako. Kaeni naye, wewe na babake pamoja, bila mavyaa kusema "nilisema." Mwambie alivyomwokoa Simba lilikuwa jambo jema na linabaki kuwa jema. Mwambie kosa la ndara lilikuwa la watu wazima. Mwambie dada yake angeweza kupoteza jicho. Mpe siku moja au mbili za kumlisha kizimbani, wewe ukiwa karibu, amuage. Siku yenyewe mpeleke kwa binamu zake au awe chuoni. Na nyama ile msimwekee kwenye sahani yake. Mpeni jirani, yule anayenuna kwa kelele. Akilia wiki nzima, mwacheni alie. Anaomboleza rafiki.

Juu ya ushauri wa yule jirani mwingine, sitakaa sana. Pilipili haibadilishi tabia, kuku hawausikii ukali wake kama sisi. Kumning'iniza kichwa chini humfanya ashindwe kupumua vizuri, kwani viungo vyake vya tumboni hulalia mifuko ya hewa, na ule utulivu unaouona ni hofu. Kipi, ule mwiba wa nyuma ya mguu, una mfupa na damu ndani. Ncha yake tu ndiyo husuguliwa kwa tupa ikawa butu, na kwa mtu asiyezoea bora aone kwa daktari wa mifugo kwanza. Butu au kali, anayeruka ataruka.

Na yule wa kelele ana haki yake. Mtume alikataza jogoo kutukanwa kwa sababu huamsha watu kwa sala, lakini saa tisa za usiku majogoo sita wakijibizana ni jambo jingine. Watafiti wa Japani walionyesha mwaka 2015 kwamba jogoo mkubwa wa kundi ndiye huanza kuwika alfajiri, na wa chini yake humfuata mmoja mmoja kwa vyeo vyao. Ukibaki na mmoja, hakuna wa kumjibu. Lakini usimfunike kwa ndoo au kumfungia kwenye boksi asiwike, kama wengine wanavyofanya. Kwa joto la kaskazi utamkuta amekufa.

Umeuliza habari ya mayai. Kuku hutaga bila jogoo, mwanangu, wala yai la kula halipungui kitu. Jogoo anahitajika kwa vifaranga tu. Hata ukiwatoa wote leo, majike wanahifadhi mbegu ndani yao, na mayai yatakayotagwa wiki mbili au zaidi kidogo kutoka sasa bado yanaweza kuangua. Kwa hivyo kama hutaki kizazi cha Simba, usiatamishe yai lolote kabla ya wiki nne kupita tangu majogoo wengine wote watengwe na majike na yule uliyemchagua aingie. Ukali hurithiwa.

Hayo mayai tisa yaliyo chini ya koo, mwache aendelee, siku ya ishirini na moja haiko mbali. Hujui baba ni nani kati ya sita. Wakitoka waache na mama yao, wasiletwe jikoni, na uwafunike kwa wavu kwa sababu ya kunguru. Wakifika wiki ya sita hadi ya nane, wakague vilemba. Vya mapora huwa vimeanza kuwa vyekundu na vikubwa, na miguu yao ni minene kuliko ya dada zao. Kijana wako ana jicho la mambo hayo. Mpe daftari awaandike, nani pora, nani tembe, halafu kaeni mezani siku hiyo hiyo mkubaliane kila pora anakwenda wapi na mwezi gani, kabla hawajapewa majina.